Windows 10 Imefika Mwisho: Upande 11, Ubaki au Uhame Kabisa?

Dada mmoja mwenye steshenari jirani na banda langu aliniletea HP EliteBook 840 G3, akaiweka mezani kama anayerudisha samaki aliyeuziwa ameoza. "Kaka, nipigie Windows 11. Hii inaniambia kompyuta yangu haifai." Nikaiwasha. Hata sijavuta kiti, Word imeshafunguka. RAM gigabaiti 8, diski ya SSD ya 256, betri bado ina nguvu. "Haifai kwa lipi?" nikamuuliza. Akacheka. "Si ndiyo nakuuliza wewe fundi?"

Swali hilo naulizwa karibu kila siku tangu 14 Oktoba 2025, siku Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10. Mtaani yanazunguka majibu mawili, na yote mabovu: "achana nayo, mbona inafanya kazi" na "nunua mpya". Mimi huangalia vitu viwili kabla sijasema lolote: namba ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, na kazi ambayo mashine inafanya. Hapa chini nakupitisha njia ileile ninayopita na wateja, ili uamue mwenyewe ukiwa nyumbani.

Kilichokatika na kisichokatika

Windows 10 ilitoka Julai 2015. Tarehe ya mwisho ilipofika, kompyuta hazikuzimika wala faili hazikufutika. Kilichokatika ni viraka vya bure vya usalama, yaani masasisho ya kuziba matundu, vile vinavyoshuka kila Jumanne ya pili ya mwezi na kukulazimisha kuwasha upya mashine wakati una haraka.

Utasema kiraka kimoja kina uzito gani? Machi 2017 Microsoft walitoa kiraka cha tundu lililokuwa kwenye sehemu ya Windows inayoshughulika na kugawana faili kwenye mtandao. Mei mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kikapita kwenye tundu hilohilo, kikafunga faili za watu duniani kote na kudai fidia kwa Bitcoin. Hospitali za Uingereza ziliahirisha miadi na upasuaji. Walioumia wengi walikuwa na Windows 7, ambayo wakati ule bado ilikuwa inahudumiwa. Kiraka kilikuwepo, hawakukiweka. Sasa wewe wa Windows 10 usiyejiandikisha kwenye nyongeza nitakayoieleza mbele, kiraka chenyewe hakikufikii.

Na Windows 10 na 11 ni ndugu wa tumbo moja, sehemu kubwa ya msimbo wao ni ileile. Kiraka cha 11 kikitoka, wahalifu hukichambua waone kimeziba wapi, halafu wanakwenda kugonga palepale kwenye 10. Ndiyo maana mwezi wa kwanza huoni kitu, wa pili huoni kitu, ukajisifu kwamba mafundi wanatishia watu bure. Matundu yanaongezeka kimyakimya.

Baadhi ya vitu bado vinaendelea. Microsoft Defender, antivirusi iliyomo ndani ya Windows, inaendelea kupokea taarifa za virusi vipya kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028, na Microsoft 365 inaendelea kupata viraka vyake hadi mwezi huohuo. Lakini Office 2016 na 2019 zilikatwa siku ileile ya 14 Oktoba 2025, jambo ambalo wengi hawakulisikia. Na usiitegemee antivirusi peke yake. Hiyo ni mlinzi wa getini; ukuta ukibomoka nyuma ya nyumba hana habari.

Hatua ya kwanza: jua ulichonacho

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, bonyeza Enter. Kidirisha kitakuambia una Windows ipi na toleo lipi. Kwa Windows 10 unataka kuona 22H2, ambalo ndilo toleo lake la mwisho. Ukikuta la chini ya hapo, sasisha kwanza kabla ya kufanya lolote.

Sasa nenda Settings, kisha System, kisha About, usome mstari wa Processor. Hapa ndipo penye jibu la nusu ya maswali yote. Kwa Intel, tazama namba inayofuata baada ya i3, i5 au i7. i5-6300U ni kizazi cha 6. i5-7300U cha 7. i5-8350U cha 8. Namba zikianza na 10 au 11, kama i5-10210U au i5-1135G7, ni cha 10 na cha 11. Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8, ukiacha prosesa chache sana za cha 7. Kwa AMD usikisie kwa macho, majina yao yanachanganya; pakua PC Health Check ya Microsoft ikupe jibu.

Kwa laptopu za mtumba zilizojaa madukani kwetu, hesabu kwa kawaida inakwenda hivi: EliteBook 840 G3 ni kizazi cha 6, G4 cha 7, G5 cha 8. ThinkPad T470 ni cha 6 au cha 7, T480 ni cha 8. Dell Latitude 7280 iko upande wa chini wa mstari, 7290 imevuka. Ukiziweka mezani G4 na G5 zinafanana kama pacha, na ndiyo maana watu wanapigwa. Nitarudi kwenye hilo.

Prosesa ikikubali, angalia vitu viwili zaidi. Cha kwanza ni TPM, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai: bonyeza tena Windows na R, andika tpm.msc. Chini kulia tafuta Specification Version: inatakiwa 2.0. Ikisema haijaona TPM yoyote usikate tamaa, mara nyingi ipo ila imezimwa ndani ya BIOS, ile mipangilio ya msingi inayowaka kabla ya Windows. Kwenye mashine za Intel huitwa PTT, kwenye AMD huitwa fTPM. Halafu andika msinfo32, uangalie BIOS Mode. Ikisema UEFI, ndio mtindo mpya, vizuri. Ikisema Legacy, aliyekupigia Windows mara ya mwisho aliiweka kwa mtindo wa zamani, na hii ni kawaida sana kwetu kwa sababu flashi za mafundi wengi zimeandaliwa hivyo tangu enzi za Windows 7.

Legacy inarekebishika bila kufuta kitu. Fungua Command Prompt kwa kubofya kulia na kuchagua Run as administrator, andika:

mbr2gpt /validate /allowFullOS

Ikikubali, andika tena ukibadili neno moja:

mbr2gpt /convert /allowFullOS

Ikimaliza, washa upya, ingia BIOS na ubadili Legacy iwe UEFI, kisha washa Secure Boot, kinga ya wakati wa kuwaka. Kuingia BIOS ni F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad, ukiigonga mara tu baada ya kuwasha. Lakini usiguse chochote kati ya hivi kabla hujasoma hatua ya tatu.

Mwisho angalia diski. Kama bado ni ile ya kuzunguka, unayoisikia ikikwaruza ndani, Windows 11 itakutesa hata prosesa ikiwa nzuri. Fedha yako ya kwanza iende kwenye SSD, diski ya kasi isiyozunguka, ya pili kwenye RAM ifike gigabaiti 8. Microsoft wameandika 4 kuwa inatosha. Inatosha kuwaka.

Hatua ya pili: mashine inafanya kazi gani?

Mtu mwenye kompyuta ya kuangalia mechi na kuhifadhi picha za harusi hayuko sawa na anayeingia benki, anayetuma ritani za kodi au anayetunza madeni ya wateja. Ukiwa na pesa au siri za watu wengine humo ndani, kubaki bila viraka ni jambo la kuondoa kwenye orodha moja kwa moja.

Steshenari ndiyo mbaya kuliko zote. Kwa siku moja mashine inachomekwa flashi thelathini za watu usiowajua, kila moja imetoka kompyuta nyingine, na jioni mwenye duka anafungua barua pepe yake na akaunti ya benki humohumo. Kama una mashine mbili, tenga: moja ya flashi na kuchapisha, nyingine ya pesa.

Upande wa pili wa kazi ni vifaa na programu. Orodhesha kwenye karatasi kila kitu kinachoshikamana na kompyuta hiyo: printa, skana, printa ya risiti, programu ya uhasibu. Printa ya zamani yenye draiva ya biti 32 tu haitafanya kazi kwenye Windows 11, kwa sababu Windows 11 ni ya biti 64 peke yake. Ingia tovuti ya mtengenezaji uone kama kuna draiva mpya. Na kwa programu ya uhasibu, mpigie aliyekuuzia umuulize kabla, maana wengine hufunga leseni kwenye mashine na kuirejesha ni mlolongo.

Hatua ya tatu: nakala, na ile namba ya tarakimu 48

Kila mtu anajua kunakili Documents. Wanachosahau ni Downloads, vitu vilivyorundikwa kwenye uso wa kompyuta, nenosiri zilizohifadhiwa ndani ya kivinjari, na faili ya data ya programu ya uhasibu ambayo mara nyingi imejificha ndani ya C. Nakili kwenye diski ya nje, kisha chomoa, chomeka kwenye kompyuta nyingine, na ufungue faili tatu nne. Nakala ambayo hujaifungua mahali pengine usiihesabu.

Halafu BitLocker, kufuli la diski la Windows. Mwalimu mmoja aliniletea laptopu nzuri ya kizazi cha 8, nikamwambia hii dakika arobaini tu. Nikaingia BIOS, nikawasha Secure Boot, nikaiwasha upya. Badala ya Windows ikaja skrini ya buluu inayodai ufunguo wa tarakimu 48. Diski ilikuwa imefungwa kwa usimbaji bila mwenyewe kujua. Ufunguo huo kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiandaa kompyuta, nikamwambia aingie kwenye yake. Hakuna kitu. Ikaja kufahamika kwamba kijana wa dukani alikonunua ndiye aliyeiandaa, kwa akaunti yake mwenyewe, na namba yake ya simu haipatikani tena. Nilirudisha mpangilio wa BIOS kama ulivyokuwa na kwa bahati mashine ikakubali kufunguka. Kwa bahati. Alama za kidato cha nne nzima zilikuwa humo, na mimi jasho limeshaloanisha shati.

Kwa hiyo, kabla ya kuigusa BIOS: andika BitLocker kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua Manage BitLocker, uone kama diski C imefungwa. Toleo la Home halina ukurasa huo. Tazama Device encryption ndani ya Settings. Ikiwa imefungwa, hifadhi ufunguo nje ya kompyuta hiyo, uandike hata kwenye daftari, kisha chagua Suspend protection, au uzime kabisa kama ni Home. Ndipo uendelee.

Hatua ya nne: chagua njia

*Mashine imekubalika: panda.* Kama ni kizazi cha 8 kwenda juu, SSD ipo, TPM ipo, sioni sababu ya kubaki. Leseni halali ya Windows 10 inakupeleka 11 bila malipo, na faili na programu zako hubaki mahali pake. Njia nyepesi ni kupitia Windows Update yenyewe au programu ya Installation Assistant kutoka tovuti ya Microsoft. Acha nafasi ya gigabaiti 30 hivi kwenye C, chomeka chaji, na usiifanye siku ya mgao wa umeme.

Bando ni suala. Faili ya Windows 11 inazidi gigabaiti 5, na ukiwa na kompyuta kumi za shule ukaziachia kila moja ipakue yake, utalia. Pakua faili ya ISO, yaani Windows 11 nzima ndani ya faili moja, mara moja, iweke kwenye flashi, ichomeke kwenye kila mashine ndani ya Windows 10 inayowaka, bofya ISO mara mbili, kisha setup. Itauliza kama unataka kubaki na faili na programu; kubali. Ukianzisha kwa kuwasha kompyuta kutoka kwenye flashi, hapo ndipo unafuta, na hapo ndipo watu wengi "wanapigiwa Windows" na kupoteza picha.

Ukipanda ukaichukia, una siku 10 za kurudi: Settings, System, Recovery, Go back. Zikipita, folda ya mfumo wa zamani inafutwa na kurudi ni kupiga upya.

*Mashine haikukubalika lakini bado ni nzima: jiandikishe kwenye nyongeza.* Microsoft wameweka mpango unaoitwa ESU, unaoendelea kuletea Windows 10 viraka vya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Kama unasoma baada ya tarehe hiyo, ruka aya hizi. Unahitaji toleo la 22H2 na akaunti ya Microsoft. Nenda Settings, Update & Security, Windows Update, utaona kiungo cha Enroll now. Kisha unachagua moja: kukubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti yako, njia isiyo na malipo; au kutumia pointi 1,000 za Microsoft Rewards; au kulipa dola 30. Uandikishaji mmoja unabeba hadi kompyuta 10 za akaunti hiyohiyo. Wengi huogopa ile ya bure wakidhani picha zote zitapakiwa zimalize bando. Kinachotakiwa ni mipangilio. Folda za picha unaweza kuziondolea tiki.

Kompyuta za ofisi zilizounganishwa kwenye domeni, mtandao wa ofisi unaosimamiwa kwa pamoja, haziingii kwenye mpango huu wa nyumbani. Zina mpango wao, dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na bei inazidishwa mara mbili kila mwaka, mwisho miaka mitatu. Piga hesabu: mwaka wa pili 122, wa tatu 244. Kwa bei hizo ofisi ndogo ni bora ibadili mashine.

Na kama Windows yako iliamilishwa kwa kraki, angalia kwanza kama Windows Update inafanya kazi. Nimefungua mashine nyingi za aina hiyo nikakuta masasisho yamezimwa tangu siku ya kwanza. Mwenye mashine hiyo alikuwa bila viraka miaka yote, habari za Oktoba hazikumbadilishia kitu.

*Kulazimisha.* Ndiyo, inawezekana kuiweka Windows 11 kwenye kizazi cha 6 au 7. Programu ya Rufus inaandaa flashi isiyouliza habari za TPM. Nimeifanya kwa watu. Lakini Microsoft wanasema wazi kwamba mashine hiyo haina haki ya masasisho, na kwa uzoefu wangu viraka vya kila mwezi huwa vinaingia ila toleo jipya la mwaka haliji lenyewe, lazima urudi tena kwa fundi na flashi. Kwa mashine yako binafsi, ukiwa na nakala ya kila kitu, sikukatazi. Kwa mashine ya duka siifanyi. Kwa prosesa za zamani za Core 2 Duo usihangaike kabisa: tangu toleo la 24H2 la Windows 11 prosesa hizo zinakosa maagizo ambayo Windows inayahitaji, na haitawaka hata ulazimishe vipi.

*Kuhama.* Kwa laptopu ya kizazi cha 3 au 4 ninayoombwa kuifufua kwa ajili ya mtoto wa chuo, siku hizi naweka Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, ladha yake nyepesi ya Xfce. Mint 22 inahudumiwa hadi 2029, ni bure, na unaweza kuijaribu ikiwa kwenye flashi kabla haijagusa diski: chomeka, iwake, jaribu Wi-Fi, jaribu sauti, jaribu printa. Chochote kisichokubali hapo, jua hakitakubali baadaye bila kuhangaika. Intaneti, YouTube, barua pepe na kuandika vinakwenda bila shida. Tatizo ni nyaraka. LibreOffice, mbadala wa bure wa Office, inafungua faili za Word, ila jedwali lililobanwa na fonti ambayo haipo vinaweza kusukuma ukurasa wa 40 ukawa wa 42, na msimamizi wa tasnifu hatakusikiliza habari za Linux. Mwenye steshenari anayeishi kwa kadi za mwaliko alizotengeneza kwa Publisher ya Microsoft, ambayo Linux haina, simshauri hata kidogo.

*Kukata intaneti.* Mashine inayoendesha printa ya zamani tu inaweza kubaki na Windows 10, hata 7, mradi haiingii mtandaoni kabisa. Zima AutoPlay, ile inayofungua flashi yenyewe ikichomekwa, na kila flashi ipitishwe kwenye mashine nyingine yenye Defender kwanza. Ila Windows 7 mtandaoni, hapana. Chrome iliacha kuitolea matoleo mapya baada ya namba 109, mapema 2023, na tovuti zenyewe zimeanza kuikataa.

Ukienda kununua ya mtumba

Muuzaji atakuambia "hii ina Windows 11 tayari", na kweli itawaka 11. Sasa unajua kwamba hilo halithibitishi kitu. Fungua About palepale kaunta, usome prosesa. Namba ikianza na 6 au 7, karibu kila mara imelazimishwa, na bei ishuke au uondoke. Fungua tpm.msc. Halafu omba mashine ifutwe na iandaliwe upya mbele yako, kwa akaunti yako wewe. Akinuna, fika duka la pili.

Yule dada tuliandikisha G3 yake kwenye ESU kwa njia isiyo na malipo, ikachukua dakika kama tano pamoja na kukumbuka nenosiri. Mashine ya kaunta, ile ya flashi za watu, tumeiondoa kwenye akaunti zake zote. Anaweka akiba ya T480 au G5 kabla ya Oktoba 2026. Alipolipa akasimama mlangoni: "Kaka, na hiyo flashi yako ya Windows 11 unaweza kuniazima? Shemeji yangu naye ana laptopu."

"Aniletee kwanza namba ya prosesa," nikamwambia.